Kennedy Hakupitia Malaba

Nimemaliza The Rise and Fall of the Great Powers cha Paul Kennedy, zaidi ya kurasa 600, bila mhadhiri wa kunihimiza. Niliacha chuo mwaka wa pili, kwa hivyo nilikisoma kwa kasi yangu, sehemu kubwa nikiwa Malaba ndani ya matatu ambayo haikutaka kujaa. Kilitoka 1987 na bado kinatajwa kila Marekani ikikohoa.

Hoja yake utaielewa haraka kama umewahi kuishi kwa deni. Dola hupandishwa na uchumi, kisha hujitwika majeshi na makoloni mazito kuliko mfuko wake. Hispania ilipita hapo, Uingereza pia. Kennedy anahesabu chuma, makaa ya mawe na meli za kivita, na manze, anahesabu vizuri. Shida yangu ni kwamba dola ikichoka, yeye anamhamia mwenye nguvu mpya. Huku mpakani hadithi huwa ndiyo inaanza.

Mpaka wenyewe, kwa mfano. Kabla ya 1902, Uganda ya Waingereza ilianzia karibu na Naivasha. Reli ilifika Kisumu Desemba 1901, na Aprili 1902 London ikauondoa Mkoa wa Mashariki kutoka Uganda na kuutia katika ile iliyokuja kuwa Kenya. Reli yote ikawa chini ya utawala mmoja. Wateso na Wasamia wakabaki na ndugu ng'ambo. Uingereza ikaondoka, sawa, lakini Februari 1976 Idi Amin aliifufua ramani ile ya kale na kudai magharibi mwa Kenya. Waliochora walishakwenda zao, na mchoro wao ulikuwa bado unaweza kutuletea vita.

Halafu 2018, Uhuru na Museveni wakazindua kituo cha pamoja cha mpaka pale Busia, ili lori likaguliwe mara moja badala ya mbili. Sehemu ya pesa ilitoka Uingereza. Aliyechora mstari amechangia jengo la kuupunguza makali! Hiyo haipo kwenye majedwali ya Kennedy, na ndiyo ningependa kuisoma.

Anaponishinda ni kwenye reli mpya. SGR ilianza Mombasa–Nairobi 2017, ikafika Naivasha 2019, ikakwama, maana mkopo wa China wa kuisogeza mbele haukupatikana. Naivasha tena, karibu na pale Uganda ilipoanzia zamani. Uganda nao wakavunja mkataba wao na kampuni ya China 2023, mwaka uliofuata wakasaini na Yapı Merkezi ya Uturuki kujenga Malaba hadi Kampala, kilomita 272. Mkopeshaji naye ana kikomo. Hapo Kennedy yuko sawa kabisa. Ila hana la kumwambia mkopaji, ambaye bado analipa reli isiyomfikia mtu wa Malaba.

Na wanaoishi kwenye mstari hawaoni kamwe. Waendesha baiskeli wa Busia waliovusha abiria toka kituo kimoja hadi kingine ndio waliotupa neno boda boda, linalosikika leo hadi Dar.

Kisome tu, ila anza na sura ya mwisho. Sehemu ya China aliiandika zaidi ya miaka 30 kabla ya treni kufika Naivasha.