Kanisa Lililosalia Kwenye Shaba

Septemba ya mwaka 1666 moto uliwaka London siku nne, na miongoni mwa vilivyoteketea ni kanisa kuu la St Paul's, jengo ambalo urefu wake toka mwisho mmoja hadi mwingine ulikaribia mita 180 na ambalo vizazi kadhaa vya waashi vilizeekea humo. Mabati ya risasi yaliyoezeka paa lake yaliyeyuka yakatiririka mitaani. Leo mtu akitaka kuliona kanisa hilo, ayaone matao yake, madirisha yake na makaburi ya wakubwa waliozikwa ndani, hana budi kupitia mkono wa Wenceslaus Hollar, mgeni kutoka Prague, aliyelichora kwa sindano juu ya mabamba ya shaba kwa ajili ya kitabu kilichotoka mwaka 1658, miaka minane kabla ya moto.

Kwangu mimi Hollar ni miongoni mwa mafundi wakubwa kabisa ambao Ulaya imepata kuwa nao. Wapo wanaomweka safu ya nyuma, kwa hoja kwamba alinakili tu alichokiona, hakubuni, hakuwa na moto wa Rembrandt aliyeishi zama zake na kutumia sindano na tindikali zile zile. Hoja hiyo mimi naigeuza. Kumwangalia mtu, jengo au ngozi ya mnyama kwa muda mrefu kiasi hicho, bila kutanguliza nafsi yako, ni kipaji kamili, tena adimu.

Alizaliwa mwaka 1607. Alipofika miaka ishirini aliuacha mji wake, vita vya kidini vikiwa vimeivuruga Bohemia, akazunguka miji ya Ujerumani akifanya kazi kwenye karakana za wachapaji wa picha. Mwaka 1636 Thomas Howard, lodi wa Arundel, alipita Cologne akiwa safarini kwenda kwa Kaisari Ferdinand II, amebeba ujumbe wa Mfalme Charles I wa Uingereza. Lodi huyo alipenda sanaa kuliko fedha zake zilivyoruhusu. Jumba lake la kando ya mto Thames lilijaa sanamu za kale na kazi za Holbein, Dürer na Leonardo. Alimchukua Hollar msafarani amchoree miji waliyoipita, kisha akarudi naye London. Kazi ya kijana ikawa kuzitia hazina za jumba lile kwenye shaba ili hata wasiopata kukanyaga sebule ya lodi wazione. Jumba hilo, Arundel House, lilikwisha kubomolewa. Ua wake, na vibanda vyake vilivyoegemea kuta, tunaujua kwa picha mbili za Hollar za mwaka 1646.

Kazi yenyewe inafanyika hivi. Bamba la shaba husuguliwa mpaka likang'aa, likapashwa moto kidogo, likapakwa tabaka jembamba la nta iliyochanganywa na utomvu na lami. Kisha hugeuzwa kifudifudi juu ya moshi wa mishumaa mpaka lile tabaka liwe jeusi tititi. Hapo fundi huchukua sindano na kuchora. Sindano haichimbi shaba, inakwangua nta tu, na kila ilipopita hubaki mstari mwekundu unaometa ndani ya weusi. Kwa hiyo anachora mwanga kwenye giza, ilhali picha itakayotoka itakuwa giza kwenye mwanga. Tena anachora kinyume, kulia kuwe kushoto, na maneno yote ya maelezo ayaandike yakisomeka nyuma mbele. Akimaliza humwagia tindikali. Penye nta tindikali haipiti, kama vile rangi isivyopita penye nta kwenye kitambaa cha batiki. Penye mstari inakula shaba, na vipovu vidogo hupanda ambavyo fundi huvifagia kwa unyoya wa ndege.

Sasa ndipo ustadi unapopimwa. Mistari ya mawingu na ya minara ya mbali inataka kuumwa na tindikali kwa muda mfupi tu, ibaki myepesi. Fundi huimwaga tindikali, akaosha bamba, akaifunika mistari hiyo kwa vanishi, akarudisha tindikali iendelee kula ya majumba ya karibu. Akafunika tena, akarudisha tena, mpaka ibaki mistari ya kivuli kizito cha mlangoni. Hakuna saa ya kumwambia imetosha. Anaangalia vipovu, ananusa, anakumbuka bamba la jana. Dakika chache zikizidi, kazi ya wiki nyingi imeungua. Ikinusurika, nta hufutwa, wino ukashindiliwa kwenye mistari kwa nguvu, uso wa bamba ukapanguswa kwa kitambaa na mwishowe kwa kiganja cha mkono, ikalazwa juu yake karatasi iliyoloweshwa, na vyote vikapitishwa pamoja katikati ya magogo mawili ya mashine. Karatasi inapobanduliwa ina picha, na pembeni ina alama ya ukingo wa bamba iliyodidimia, ambayo kidole kinaihisi mpaka leo. Bamba moja lilitoa nakala mia kadhaa nzuri kabla mistari haijachoka. Hollar alitengeneza takriban mabamba 2,700 maishani mwake.

Watu mashuhuri wamejaa humo: wafalme, malkia, maaskofu, malodi na wake zao, wengi wakiwa wamenakiliwa kutoka kwa wachoraji kama Van Dyck. Ni kazi safi, lakini si hapo ninapokaa sana. Nakaa kwenye vitu ambavyo hakuna mtu angemlaumu kama angevipuuza. Miaka ya 1640, vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka Uingereza, alihamia Antwerp, na huko alichora mifuko ya manyoya ambayo mabibi wa Ulaya walikuwa wakitia mikono wakati wa baridi. Mada ni hiyo tu, mifuko imewekwa mezani. Lakini manyoya yale yamechorwa unywele kwa unywele, na macho yanakuambia upande gani ungeyapapasa yakalala na upande gani yangesimama. Mwaka 1645, huko huko Antwerp, alichora nyuso za Waafrika, wake kwa waume. Mmoja ni mwanamke kijana ambaye jina lake halikuandikwa. Hana cheo, hana ngao ya ukoo, hakuna beti za kumsifu chini ya picha kama walivyowekewa malodi. Hata hivyo mistari iliyolijenga shavu lake imepangwa kwa uangalifu ule ule uliolijenga shavu la Arundel, na pengine zaidi, kwa sababu ngozi nyeusi ilimlazimu fundi atafute mwanga ndani ya weusi badala ya kuuacha kwenye karatasi tupu. Picha za Waafrika za zama zile nyingi ni mapambo ya pembeni, mtumishi kashika sinia. Huyu amepewa bamba zima peke yake.

Kazi yake inayojulikana zaidi ni picha ndefu ya London iliyochapwa Antwerp mwaka 1647. Vipande vyake vikiunganishwa hupita mita mbili, na mji wote umo, kutoka ukingo wa kusini wa Thames hadi vilima vya kaskazini. Alikuwa ameuchora kabla hajahama, akiwa juu ya mnara wa kanisa la Southwark, kwa penseli na wino. Katika picha hiyo majengo mawili ya mviringo yamesimama karibu karibu: jumba la tamthilia la Globe na uwanja wa kupiganisha dubu na mbwa. Majina ya majengo hayo yamebadilishana. Aliyeyaandika kwenye shaba, mbali na mji na miaka kadhaa baadaye, aliliita Globe uwanja wa dubu, na uwanja wa dubu akauita Globe. Lakini majengo yenyewe yamechorwa sawasawa, kila moja mahali pake na kwa kipimo chake. Usahihi huo ulikuja kuwa na faida asiyoiota. Karne iliyopita, wataalamu waliotaka kuijenga upya Globe walichukua mchoro wake wa mnarani, ambao sasa uko Yale huko Marekani, wakapiga hesabu kutoka pale aliposimama na kupata upana wa jengo, karibu mita 30. Globe mpya ikafunguliwa mwaka 1997. Na mwaka 2012 kikundi cha Bitter Pill kutoka Kenya kilipanda jukwaa hilo na kuigiza tamthilia ya The Merry Wives of Windsor kwa Kiswahili toka mwanzo hadi mwisho. Wasemaji wa lugha yetu nasi tunamdai Hollar asante.

Turudi St Paul's. Alipoajiriwa na mwanahistoria William Dugdale kuchora picha za kitabu juu ya kanisa hilo, lilikuwa tayari katika hali mbaya. Mnara wake mrefu uliochongoka ulikuwa umepigwa na radi mwaka 1561 na haukujengwa tena. Wakati wa vita askari wa Bunge walifunga farasi ndani. Dugdale aliona kwamba yanayotokea ni mwanzo tu, akakusanya michango kwa watu wenye uwezo ili kila bamba lipate wa kuligharimia. Hollar akaingia kanisani na karatasi zake. Picha ya ukumbi mkubwa wa ndani ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Nguzo nene za kale zimepangana kuume na kushoto, matao ya nusu duara yanapokezana kwenda mbali, na kadiri yanavyokwenda mistari inakuwa myepesi mpaka mwisho wa kanisa unabaki kama ukungu. Huo ukungu ni tindikali iliyozuiwa kwa wakati. Katika mojawapo ya mabamba hayo aliandika kwa Kilatini kwamba yeye, mtu wa Bohemia, mchoraji wa kanisa hili na aliyelistaajabia zamani, analihifadhia kumbukumbu lingali likingoja siku baada ya siku kuanguka.

Mtu anaweza kuuliza tutajuaje kama alichora kweli. Kuna shahidi. Kati ya makaburi aliyoyachora ni la mshairi John Donne, aliyekuwa mkuu wa kanisa hilo na kufariki mwaka 1631. Sanamu yake inamwonyesha amesimama amevikwa sanda, juu ya chungu cha mawe. Sanamu hiyo iliokoka moto. Imo ndani ya St Paul's mpya ya Christopher Wren, na chini yake alama za kuungua bado zinaonekana. Ukiweka picha ya Hollar kando ya sanamu, utaona sanda ni ile ile na uso ni ule ule. Hapo unapata imani na yale mengine ambayo hayana tena cha kulinganishwa nacho.

Hakulipwa vizuri. Waliomfahamu walisimulia kwamba alifanya kazi kwa ujira wa peni nne kwa saa, akiwa na shisha ya mchanga mezani, na akitokea mgeni wa kuzungumza naye aliilaza ile shisha ubavu ili asimtoze mteja dakika asizofanyia kazi. Mwanawe alifariki katika tauni ya mwaka 1665. Baada ya moto mfalme alimpa cheo cha mchoraji wa mandhari, na mwaka 1669 alikwenda Tangier kuichora ngome ya Waingereza, lakini vyeo havikumtoa kwenye umaskini. Alifariki mwaka 1677. Inasimuliwa kwamba wadai walipokuja kuchukua vyombo vyake aliwaomba wamwachie kitanda mpaka akate roho.

Nayasema haya huku nikifikiria majumba yetu. Beit al-Ajaib ya Zanzibar, iliyojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883, iliporomoka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020. Picha za kamera tunazo nyingi, lakini kamera hupokea kila kitu kwa mpigo, na mchoraji hulazimika kuelewa tao linakaa vipi juu ya nguzo ndipo alichore. Vijana wanaosoma sanaa Mombasa, Lamu, Bagamoyo na Mji Mkongwe wapelekwe mbele ya misikiti, makanisa na nyumba za kale wakae na penseli, siku nyingi kila jengo moja, na wafundishwe pia shaba na tindikali. Na msomaji asiyechora naye asiachwe nyuma: Maktaba ya Thomas Fisher ya Chuo Kikuu cha Toronto imeziweka picha za Hollar kwenye intaneti, bila malipo. Tafuta ile ya ukumbi wa St Paul's, ikuze mpaka uone mstari mmoja mmoja.