Masanga katika sahani mpya: gitaa limehifadhiwa, na maneno je?

Mwaka 1952, mjini Jadotville, yaani Likasi ya leo, Hugh Tracey alinasa sauti na gitaa la kijana mmoja wa ukoo wa Bayeke wa Bunkeya, Mwenda Jean Bosco. Nyimbo zake zilitolewa kwa nembo ya Gallotone katika sahani za santuri zilizozunguka mara 78 kwa dakika: wimbo mmoja kila upande, dakika tatu hivi, basi. Baadaye «Masanga» iliingia katika sahani ndefu za mfululizo wa The Music of Africa, na mwanzoni mwa karne hii kampuni ya SWP ya Uholanzi ikaitoa upya katika diski ndogo, pamoja na wapiga gitaa wengine wa Kongo ya Kusini na Zambia ya Kaskazini. Sasa wapenzi wa muziki wa Ulaya na Marekani wamezirudia sahani kubwa za zamani. Inafaa basi kuuliza ni kitu gani hasa kinachotolewa upya.

Gitaa halina shida. Mwenda alitumia kidole gumba na kidole cha shahada tu, na bado msikilizaji hudhani kwamba wapigaji ni wawili: gumba lashika njia yake, kidole cha pili chaikatiza, wala hakuna anayemngoja mwenziwe. David Rycroft aliandika noti za ufundi huo katika jarida la African Music mwaka 1961 na 1962, na tangu hapo wanafunzi wa gitaa wa nchi za mbali hujifunza «Masanga» kama zoezi. Ni heshima kubwa. Lakini heshima hiyo ina hasara yake, maana mtunzi aliyeimba Kiswahili amegeuka polepole kuwa vidole viwili visivyo na kinywa.

Chukua «Tambala moja». Mwenye kujua Kiswahili sanifu atafikiri tambara, kitambaa kikuukuu, kwa kuwa katika Katanga l na r hubadilishana mara nyingi. Mwenye kujua Kinyanja atasikia jogoo. Msikilizaji wa Lubumbashi pengine hatasita hata kidogo. Yule wa mbali hana pa kushika, kwa sababu jina peke yake haliamui kitu. Linaloamua ni maneno ya wimbo, yakiwa yameandikwa kama yalivyoimbwa, bila kusahihishwa kwa kamusi ya Unguja. Kazi hiyo yawezekana: mwaka 1981 Walter Schicho na Mbayabo Ndala walitoa maandishi ya michezo ya kundi la Mufwankolo wa Lubumbashi, na Kiswahili cha mji kilisomeka pale kama kilivyosemwa. Mwimbaji astahili uangalifu uleule. Kwa mtafiti wa lugha, nyimbo za 1952 ni ushahidi wa namna watu wa miji ya migodi walivyosema kabla ya uhuru, na ushahidi wa namna hiyo si mwingi.

Tena Kiswahili ndicho kilichompeleka Mwenda mbali. Alipokaa Nairobi mwishoni mwa miaka ya 1950, alikuta wasikilizaji waliofuata maneno yake, si vidole tu.

Kuna pia jambo la albamu. Nyimbo za 1952 hazikutungwa ili zifuatane. Anayezipanga katika sahani ndefu ndiye anayetunga mfuatano huo, na yafaa akiri hivyo. Albamu ya studio aliyoirekodi mwenyewe Cape Town mwaka 1988, ambayo Rounder iliitoa mwaka 1994, ni kitu kingine. Hata jina la jaladani ni jingine: Mwenda wa Bayeke, bila Jean Bosco, jina linalokumbusha siasa ya uhalisi ya Mobutu ya mwaka 1972. Mtunzi hakuiona ikitoka. Alifariki mwaka 1990 katika ajali ya gari nchini Zambia.

Jalada la sahani kubwa lina upana wa sentimita 30 hivi. Mara nyingi nafasi hiyo hujazwa picha na masimulizi ya safari za mrekodi. Maneno ya «Masanga», kwa Kiswahili cha Katanga upande mmoja na tafsiri upande wa pili, yangeenea humo bila kubanana, na picha ingebaki na nafasi yake.