Fundi wa kugawa diski

Kupiga mfumo mpya kwenye kompyuta siku hizi anaweza mtu yeyote mwenye fleshi na muda. Unachomeka, unawasha, unabonyeza "endelea" mara kadhaa, na chai haijapoa Linux iko mbele yako. Ufundi wenyewe unatangulia hapo, kwenye kuiandaa diski, hasa pale mteja anapotoa lile ombi ambalo mafundi wamelizoea: "Niwekee Linux, fundi, lakini Windows yangu usiiguse."

Ombi hilo lina sababu zake. Muda rasmi wa kuihudumia Windows 10 uliisha tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inataka prosesa mpya kiasi pamoja na chipu ya usalama ya TPM 2.0. Laptopu nyingi za mtumba zinazouzwa Dar es Salaam na Nairobi hazina sifa hizo, ingawa kioo ni kizima, kibodi nzima na betri bado inavuta. Linux inazipokea bila masharti hayo. Ila mwenye duka ana programu yake ya mahesabu inayokubali Windows tu, kwa hiyo mifumo yote miwili lazima ikae kwenye diski moja.

Yupo fundi mmoja wa Kariakoo ninayependa kumtazama akiifanya kazi hii. Haanzi na mashine, anaanza na mwenye mashine. "Faili zako unaziweka wapi, dada?" Mteja anaonyesha kioo chote kilichojaa vijipicha. "Na kwingine?" Hakuna kwingine. Basi inatolewa ekstenali na kunakili kunaanza. Hata anayejitetea kwamba ameshabakapu nyumbani haachwi hivi hivi. Fundi ataomba aione hiyo nakala, atafungua picha mbili tatu na hati moja, maana nakala ambayo haijawahi kufunguliwa ni ya kudhaniwa tu.

Kisha anaisikiliza diski. Diski hujiwekea kumbukumbu za afya yake, zinazoitwa SMART, na fundi huzisoma kutoka kwenye Linux inayoendeshwa moja kwa moja na fleshi, bila kuandika chochote ndani ya mashine. Kuna mistari miwili anayoitazama kwanza: idadi ya sekta zilizoharibika na kubadilishiwa mahali, na idadi ya zile zinazosubiri kuamuliwa. Zote mbili zikisoma sifuri, anaendelea. Namba ikianza kupanda, anafunga kazi na kumshauri mteja anunue diski nyingine, hata kama mteja ameshatoa pesa mfukoni. Kuhamisha data kwenye diski inayokufa ni kuiharakishia kifo.

Linalonivutia zaidi ni namna kazi hii nzito isivyo na kitu cha kushika mkononi. Ukisema diski imegawanywa, hakuna chuma kilichokatwa. Kilichobadilika ni namba chache zinazoeleza kila partisheni inaanzia sekta ipi na kuishia ipi. Katika mpangilio wa zamani, MBR, uliokuja na PC DOS 2.0 mwaka 1983, namba hizo zote zinakaa ndani ya sekta ya kwanza kabisa yenye baiti 512. Baiti 446 ni za programu ya kuwashia, 64 ni za jedwali la partisheni, na 2 za mwisho ni alama ya kuthibitisha. Baiti 64 zinatosha partisheni 4 tu, na namba zake haziwezi kuhesabu zaidi ya terabaiti 2 hivi. Ukiharibu baiti hizo 64, picha za harusi zote bado zipo kwenye diski, lakini kompyuta haijui tena pa kuzitafutia.

Mpangilio wa sasa, GPT, umejifunza kutokana na udhaifu huo. Kwa kawaida unatoa nafasi ya partisheni 128, unaweka nakala ya jedwali lake mwishoni mwa diski, na una namba za kuhakiki kwamba jedwali halijaharibika. Pamoja na hayo, fundi wetu bado analitoa jedwali la diski ya mteja na kulihifadhi kwenye fleshi yake kama faili la maandishi la mistari michache. Ni kazi ya sekunde, na mambo yakiharibika ndilo litakaloonyesha mipaka ilikuwa wapi.

Hatua inayofuata ni kuiomba Windows isogee, na hapa papara ndipo inapoumbua watu. Ukiizima Windows kwa njia ya kawaida, mara nyingi huwa haijazimika sawasawa. Huhifadhi sehemu ya hali yake kwenye diski ili kesho iwake haraka. Mfumo mwingine ukiandika juu ya partisheni iliyoachwa hivyo, faili huharibika. Kwa hiyo fundi anakizima kipengele hicho kwanza na kuizima mashine kabisa. Anauliza pia kuhusu BitLocker, kufuli la diski la Windows lenye ufunguo wa uokoaji wa tarakimu 48 ambao wengi hawajui kama wanao, mpaka siku kompyuta inapouomba na kukataa kufunguka bila huo. Haigusi diski mpaka ufunguo umeandikwa kwenye karatasi na umo mkononi mwa mteja.

Kupunguza ukubwa wa Windows anaiachia Windows yenyewe, kwa zana yake ya diski, kwa sababu inajua vizuri zaidi mahali ilipoweka vitu vyake. Wakati mwingine inagoma: nafasi iliyo wazi ni gigabaiti 200, yenyewe inakubali kuachia chache tu, kwa kuwa kuna faili lisilohamishika limekaa katikati ya njia. Asiyejua angelazimisha kwa programu ya nje. Huyu anazima faili la kumbukumbu pepe kwa muda, anawasha upya, anajaribu tena, na nafasi inapatikana.

Ndipo anapofungua GParted. Programu hii ina tabia inayomfaa: kila unachoagiza kinapangwa kwenye foleni chini ya dirisha, na diski haiguswi mpaka ubonyeze kitufe cha kutekeleza, kama fundi cherehani anavyomaliza chaki yake yote kabla ya kushika mkasi. Anaisoma foleni kwa sauti ya chini, mstari kwa mstari. Nafasi mpya imeangukia kati ya Windows na partisheni ndogo ya uokoaji iliyo mwishoni. Inashawishi kuisogeza ile ndogo ili mambo yapangike vizuri machoni. Anaiacha palepale. Partisheni ya EFI, ile inayobeba programu za kuwashia, haiformati kamwe, kwani mifumo yote miwili itaitumia kwa pamoja.

Anahakikisha pia kwamba kila partisheni mpya inaanzia kwenye mpaka wa mebibaiti kamili. Zamani partisheni ya kwanza ilianzia sekta ya 63, siku hizi huanzia ya 2048. Sababu ni kwamba diski nyingi za leo zinaandika kwa mafungu ya baiti 4096, yaani sekta 8 za zamani kwa mpigo. 63 haigawanyiki kwa 8, na partisheni iliyoanzia hapo huilazimisha diski kugusa mafungu mawili pale ambapo moja lingetosha. Mteja hatauona mpangilio huo maishani mwake, ila ataonja wepesi wake kila siku.

Mgawo wenyewe unategemea mtu. Mwanafunzi anayejaribu jaribu anapewa sehemu ya mfumo na sehemu ya faili zake mbalimbali, ili akiuvuruga mfumo aupige upya bila kupoteza kazi za chuo. Mwenye duka anapewa partisheni moja isiyomchanganya. Chaja iko ukutani na betri imejaa, kwa sababu umeme ukikatika katikati ya kuhamisha partisheni hakuna wa kulaumiwa isipokuwa aliyeanza kazi bila kujikinga.

Akishabonyeza kutekeleza na foleni ikaisha, jambo la kwanza analofanya ni kuiwasha Windows. Linux inasubiri. Anataka aone ile programu ya mahesabu inafunguka na picha ziko zilipokuwa, ndipo aendelee. Wateja wengi wanaona saa hizo zote zimepotea, kwa vile Linux "bado haijaanza kuwekwa", na wengine wanadai wapunguziwe bei. Kwa hesabu yangu wanakosea pa kubana. Linux yenyewe ni ya bure na kuiweka ni kubonyeza vitufe. Pesa ya fundi ni ya saa zile ambazo mteja hakuona kitu kikitokea, na hazikumpotezea hata faili moja.