Shikamoo ya Mashine: Heshima na Uelewa wa Kijamii wa Wazungumzaji Pepe

Tafiti nyingi kuhusu wazungumzaji pepe, yaani programu za kompyuta zinazoongea na mtu kwa sauti au kwa maandishi, huuchukulia uelewa wa kijamii kama orodha ya tabia zinazoweza kuigwa: salamu, zamu za kuongea na maneno ya adabu. Makala haya yanadai kuwa mkabala huo unapwaya unapopimwa kwa Kiswahili, kwa kuwa heshima haimo katika neno pekee, bali katika nafasi ya anayelitamka.

Historia ya mkabala huo inaeleweka. ELIZA, programu iliyoelezwa na Joseph Weizenbaum mwaka 1966, ilitafuta maneno fulani katika kauli ya mtumiaji na kumrudishia kwa umbo la swali. Hata hivyo, baadhi ya watumiaji waliifungulia mioyo yao. Mwishoni mwa miaka ya 1990, Justine Cassell na wenzake walimuunda Rea, muuza nyumba wa kwenye skrini aliyeweza kupiga soga na mteja kabla ya kumuuliza kuhusu fedha. Hatua hiyo ni kubwa, lakini soga ya Rea ilikuwa njia ya kufikia biashara.

Yakobi, katika eneo la Njombe, inadhihirisha upungufu wa mkabala huo. Hapo Kiswahili huishi pamoja na Kibena, na salamu ya “kamwene” husikika sambamba na “shikamoo”. Anayesema “shikamoo” hujiweka chini ya anayeamkiwa. Anayejibu “marahaba” hukubali nafasi ya mkubwa pamoja na wajibu wake. Wala umri wa miaka hautoshi kuamua nani aanze. Baba mdogo anaweza kuzaliwa baada ya mtoto wa kaka yake, na bado akabaki baba. Programu iliyopewa tarehe za kuzaliwa tu itakosea hapo.

Utani unaongeza ugumu. Baina ya Wangoni na baadhi ya majirani zao, kauli ambayo kwa mgeni ni tusi huweza kuwa alama ya udugu, kwa sababu nyuma yake kuna historia inayofahamika na pande zote mbili. Maneno ni yaleyale. Kinachobadilika ni haki ya kuyasema.

Inaweza kupingwa kwamba watu huzitendea mashine kwa adabu, kama Byron Reeves na Clifford Nass walivyoonyesha mwaka 1996, hivyo uigaji unatosha. Hoja hiyo inathibitisha ukarimu wa mtumiaji, si uelewa wa mashine. Mkulima wa viazi aliyeamkiwa “shikamoo” na simu yake huenda akaupa ushauri wake uzito ule anaoupa wa kijana wa nyumbani, ilhali kijana huyo anaweza kuitwa na wazee akaulizwa. Mashine haina ukoo wa kuiwajibisha.

Kwa hiyo, mzungumzaji pepe wa Kiswahili asipimwe kwa wingi wa maneno ya heshima anayoyatamka. Apimwe kwa uwezo wa kujitambulisha kuwa mashine, kuuliza anayeongea naye apendavyo kuitwa, kumwacha amalize kujuliana hali kabla ya kuingia katika shida, na kumwelekeza kwa mtu pale jambo linapohitaji mwenye dhamana.