Liemba: Merikebu Iliyozamishwa kwa Hesabu ya Kuinuliwa

Aghalabu habari za merikebu ya Liemba husimuliwa kana kwamba ni kudura tupu, ya kuwa ilizama mwaka 1916, ikainuliwa mwaka 1924, na tarehe 16 Mei 1927 ikarejea kuchukua abiria na shehena katika Ziwa Tanganyika. Lakini mwenye kuitazama amali hiyo kwa jicho la fundi ataona kwamba sababu za kurejea kwake ni dhahiri, na kubwa kuliko zote ni namna ilivyozamishwa.

Chombo hiki, chenye urefu upatao mita 71, kiliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, kwa jina la Graf von Goetzen, kisha kikafumuliwa, kikatiwa katika masanduku yapatayo 5,000, kikavushwa bahari hadi Dar es Salaam, na kutoka hapo kikasafirishwa kwa reli hadi Kigoma, ambako mafundi walikiunga upya na kukishusha majini Februari 1915. Vita vilipowalazimisha kuikimbia Kigoma mwaka uliofuata, Wajerumani hawakukilipua, kwa kuwa walitaraji kurudi na kukidai. Walipaka mitambo grisi nzito, wakajaza mchanga, na tarehe 26 Julai wakakilaza chini karibu na mlango wa mto Malagarasi.

Hapo tuzingatie mambo matatu. Kwanza, ziwa hili lina kina kinachofikia takriban mita 1,470, na chombo kikizamishwa katikati yake hakina wa kukifikia. Lakini kwenye maji haba ya pwani wapiga mbizi na vyombo vya kuvuta huweza kufanya kazi. Pili, maji yake si ya chumvi kama ya bahari, na kwa hiyo chuma hakiliwi kwa kasi ile ile. Tatu, na hili ndilo lililoamua, grisi iliyafukuza maji na hewa katika nyuso za chuma zilizosuguliwa kwa usahihi, kama vile silinda na beringi za mihimili, ambazo kutu kidogo tu hutosha kuziharibu. Ganda huzibwa kwa bamba jipya, ilhali silinda iliyoliwa haina budi kuchongwa upya au kutupwa.

Ndiyo maana Waingereza, walipokwisha kukiinua, walikuta injini za mvuke na boila vingali vyafaa, wakavikarabati badala ya kuagiza vipya kutoka Ulaya. Mitambo hiyo iliendelea kufanya kazi hadi miaka ya 1970, ilipoondolewa na kuwekwa ya dizeli.

Madhali ni hivyo, sifa ya mwaka 1927 haiwastahiki walioiinua merikebu peke yao; fungu lao la haki wanalo wale waliokuwa wakishindwa vita, nao wakatumia saa zao za mwisho kuhifadhi mali ambayo adui angeirithi.