Msichana Mpelelezi: Ni Nancy Drew Yupi Afasiriwe kwa Kiswahili?

Wengi wa wasomaji wa jarida hili, kwa kuwa tulisomeshwa kwa Kifaransa, tumewahi kukutana naye kwa jina la Alice Roy. Kampuni ya Hachette ilianza kutoa vitabu vyake mwaka 1955 katika mfululizo wa Bibliothèque Verte, na jina la mwandishi lililochapwa jaladani ni Caroline Quine. Kwao Marekani msichana huyo ni Nancy Drew, na mwandishi wake ni Carolyn Keene. Kwa Mfaransa, Nancy ni mji kabla ya kuwa mtu, basi si ajabu kwamba jina lilibadilishwa. Linalosikitisha zaidi ni lililompata rafiki yake George, ambaye kwa Kiingereza anajivunia jina la kiume: Wafaransa walimwita Marion, na mzaha wote ukazimika. Mfasiri wa Kiswahili angeweza kuuwasha tena bila taabu, maana huko Kivu Bahati ni jina la mvulana na la msichana vilevile.

Kilichotusukuma kuandika ni jambo la sheria. Riwaya za kwanza za Nancy Drew, zilizotoka mwaka 1930, ziliacha kulindwa na haki ya mwandishi nchini Marekani tarehe 1 Januari 2026. Katika semina yetu ya tafsiri likazuka swali la kuzileta katika Kiswahili kwa ajili ya watoto wa miaka 9 hadi 13, rika ambalo limekwisha kuchoka na hekaya za sungura na halijawa tayari kwa riwaya za wakubwa. Swali ni jema. Lakini kabla ya kumtafuta mfasiri, sharti tujue ni Nancy yupi atakayefasiriwa, kwa sababu wapo wawili.

Wa kwanza alitoka katika karakana ya Edward Stratemeyer, mfanyabiashara wa hadithi aliyekuwa akitunga muhtasari wa kisa kisha akamkabidhi mwandishi wa kukodiwa aujaze nyama. Muhtasari wa Nancy ulikwenda kwa Mildred Wirt, mzaliwa wa Iowa mwaka 1905, aliyekuwa amepata shahada ya uzamili katika uandishi wa habari. Vitabu 3 vilitoka pamoja mwezi wa Aprili 1930, na Stratemeyer akafariki mwezi uliofuata. Wirt, ambaye baadaye alijulikana kama Mildred Benson, aliandika 23 kati ya vitabu 30 vya mwanzo. Kwa kitabu alipewa dola 125, mara moja tu, na haki zote zikabaki kwa waliomkodi. Nancy wa pili ni wa mwaka 1959 na kuendelea, wakati Harriet Stratemeyer Adams, binti wa marehemu, alipoanza kuviandika upya vitabu vya zamani. Sura 25 zikawa 20, na msichana wa miaka 16 akawa wa miaka 18.

Aghalabu husemwa kwamba marekebisho hayo yalikusudiwa kuondoa ubaguzi wa rangi na lugha iliyochakaa. Hilo ni kweli, nasi tutalirudia. Lakini tukiziweka nakala mbili za The Secret of the Old Clock mezani, tunaona pia kitu kingine kilichoondolewa. Kitabu cha 1930 kinafunguka kwa msichana aliyekasirika. Yuko nyumbani, anazungumza na baba yake mwanasheria, anasema haifai urithi wa mzee Crowley uiangukie familia ya Topham, watu wenye kiburi, ilhali jamaa zake maskini waliahidiwa msaada. Hajaona mwizi wala mzimu. Ameona dhuluma, na dhuluma hiyo inamtosha kuanza safari. Kitabu cha 1959 kinafunguka barabarani: mtoto mdogo anakimbilia mbele ya gari, anaanguka kutoka darajani, Nancy anamwokoa. Ni tukio la kusisimua, hatukatai. Hata hivyo anayeingia sasa katika hadithi ni msichana mwema, mwenye huruma, ambaye upelelezi unamjia kama malipo ya wema wake. Hasira imepotea. Katika The Hidden Staircase ya 1930 baba anampa bintiye bastola anapokwenda kulala katika jumba lenye mambo ya kutatanisha. Katika toleo jipya bastola haipo. Hatuililii bastola. Tunachoangalia ni kwamba kila kilichopunguzwa kimepunguzwa upande mmoja.

Hapa ndipo tunapotofautiana na wale wanaomsifu Nancy kwa ujasiri wake kana kwamba ujasiri ni zawadi ya kuzaliwa. Ujasiri wa msichana huyu ni ruhusa kabla ya kuwa tabia. Mama yake amefariki, kwa hiyo hakuna wa kumwita ndani jua likitua. Baba anamweleza habari za kesi zake na kusikiliza maoni yake. Ana gari lake mwenyewe. Shule haimsumbui. Na nani anapika? Hannah Gruen, mtumishi wa nyumbani, ndiye anayepika, anayefua na anayengoja. Mwanafunzi wetu wa kike anayechota maji alfajiri kabla ya masomo hatakosa kuliona hilo, hata kama mhakiki wa Marekani amelipita haraka. Muda wa kufumbua fumbo umenunuliwa kwa kazi ya mwanamke mwingine. Kwa upande wetu, hiyo si sababu ya kukitupa kitabu. Ni sababu ya kukisoma darasani, maana ni vitabu vichache vya watoto vinavyoonyesha waziwazi kiasi gani cha mambo lazima kiondolewe nyumbani ili msichana mmoja apate kutoka mlangoni.

Fasihi ya upelelezi ya Kiswahili haijawahi kuwa na haja ya kuondoa chochote, kwa kuwa wapelelezi wake mashuhuri ni wanaume wazima. Bwana Msa wa Mohamed Said Abdulla, aliyetokea katika Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960, huvuta kiko chake na kufikiri, na Najum akamsimulia. Willy Gamba wa Elvis Musiba, ambaye katika Kikosi cha Kisasi anatumwa mpaka Kinshasa, hutoka hotelini saa atakayo. Joram Kiango wa Ben Mtobwa anaye Nuru, mwanamke mwerevu na hodari, lakini msomaji anajulishwa uzuri wa Nuru kabla ya akili yake, na jina linalobeba mfululizo ni la Joram. Hatuwalaumu waandishi hawa, ambao waliwaandikia watu wazima na kuwafurahisha. Tunasema tu kwamba mtoto wa kike apendaye mafumbo, akisoma Kiswahili, hufumbua macho ndani ya koti la mwanamume.

Na lugha yenyewe? Tuchukue sentensi nyepesi: Mpelelezi aliwasha tochi, akapanda ngazi. Kwa Kifaransa, sentensi ya pili itatueleza kwamba anayepanda ni msichana. Kwa Kiswahili tunaweza kupanda naye ghorofa nzima bila kujua, maana kiambishi a- hakiulizi jinsia ya mtu. Katika semina wapo waliotaka neno msichana lirudiwe katika kila aya, ili heshima ya mhusika isipotee. Sisi tungependelea kinyume chake. Msomaji na asahau. Mtoto wa kike atakuwa amekwisha kuingia ndani ya ile a- bila kupiga hodi, na kaka yake, ambaye angekikwepa kitabu kwa aibu ya kuonekana nacho, atashtuka yumo sura ya tatu.

Sarufi basi haina hatia. Msamiati haujasafika hivyo. Mvulana aulizaye sana ni mdadisi. Dada yake aulizaye yaleyale ni mpekuzi, ni mdaku, ni mmbeya. Mvulana atembeaye huku na huko anaijua dunia. Dada yake ni kiguu na njia. Akithubutu kupanda ukuta ataitwa jikedume, neno linalodai kusifu huku likimtoa aliyesifiwa katika wanawake. Mfasiri mvivu atayachukua maneno haya kwa sababu yako karibu na mdomo, na bila kukusudia ataandika kitabu cha tatu, kilicho mbali na cha 1930 na cha 1959: kitabu ambacho msimulizi mwenyewe anamsuta nguli wake. Jasiri, shupavu, mdadisi yanatosha. Na pale ambapo mhusika mwovu anamtukana Nancy kwa kujiingiza katika mambo ya watu, hapo ndipo mahali pa mmbeya, kinywani mwa mwovu, asikiwe ni nani anayelitumia.

Mwenzetu mmoja alipinga mradi wote, tena kwa uchungu. Aliuliza ni mzazi gani wa Goma au Bukavu, baada ya yote yaliyopita huko tangu mwaka 1996, atakayempa bintiye kitabu kinachosifu kuingia peke yake katika nyumba tupu usiku. Riwaya ya namna hii, alisema, inadhani hatari ina mipaka na kwamba huisha kitabu kikiisha. Pingamizi hili hatuwezi kulifuta. Tunaweza tu kuonyesha kwamba kisa cha saa ya kale hakisimami juu ya usiku. Ni kweli Nancy anafungiwa kabatini na wezi katika nyumba ya kando ya ziwa, na watoto watakipenda kipande hicho kuliko vyote. Lakini fumbo halifumbuliwi hapo. Siku nyingi za Nancy zinakwenda kwa kuwatembelea jamaa wa marehemu, mmoja baada ya mwingine, mchana, na kuketi nao. Ufunguo anaupata kwa bikizee Abigail Rowen, ambaye ameumia, yuko peke yake, na kumbukumbu zake zimechoka. Nancy anamhudumia. Hamharakishi. Saa ya nyumbani mwa bibi inagonga, na mlio huo unamkumbusha kwamba marehemu alificha habari ya wosia wake ndani ya saa. Polisi hawakumwuliza bibi huyu neno. Matajiri hawakumjua. Msichana wa Bukavu hahitaji gari kwa kazi hiyo, na huenda anaifanya tayari bila yeyote kuiita upelelezi.

Habari ya Mildred Benson mwenyewe inastahili mistari michache, kwa kuwa ni kisa cha urithi kilichofichwa kuliko kile cha Crowley. Kwa miaka mingi Harriet Adams aliueleza umma kwamba yeye ndiye Carolyn Keene. Mwaka 1980 wachapishaji waliposhitakiana mahakamani juu ya haki za mfululizo, Benson aliitwa kutoa ushahidi, na ndipo mkono wake ukajulikana kisheria. Wakati huo alikuwa mwandishi wa gazeti huko Toledo, Ohio, na rubani wa ndege ndogo. Aliendelea na kazi ya gazeti hadi kifo chake mwaka 2002, akiwa na miaka 96. Aliyemwandika msichana asiyezuiwa alikuwa amezuiwa kutia jina lake.

Kwa sababu hizo tungependekeza toleo la 1930 lifasiriwe, hasira yake ikiwemo. Lakini ndani ya toleo hilo yumo Jeff Tucker, mlinzi wa nyumba ya kando ya ziwa: mtu mweusi, mlevi, anayesema Kiingereza kilichopindwa ili kuchekesha. Mwaka 1959 hana weusi wala ulevi. Wengi huita hayo maendeleo. Sisi tunaona kwamba palipokuwa na mtu mweusi wa kuchekwa, sasa hapana mtu mweusi, na kwamba kumfuta mtu ni njia rahisi kuliko kumpa akili.

Tatizo la mfasiri ni gumu kuliko la mhariri yule. Usemi wa Tucker ameuweka mwandishi makusudi chini ya ule wa Nancy, na mfasiri mwaminifu atatafuta Kiswahili kilicho chini. Atakipata wapi? Nina hofu kwamba mkono wake utakwenda moja kwa moja Kamalondo, au Katuba, achukue Kiswahili chetu cha Lubumbashi, kile ambacho vitabu vya sarufi vimekwisha kukiita kibovu. Mtoto wa hapa akifungua ukurasa huo atasikia mlevi wa kuchekesha akizungumza kama baba yake. Mwanafunzi mmoja wa semina alikwisha kufanya hivyo katika rasimu yake, kwa nia njema kabisa, na darasa likacheka kabla ya kunyamaza.

Kwa hiyo ushauri wetu ni huu. Tucker abaki mweusi, na alewe kama alivyoandikwa, na dibaji fupi imweleze msomaji ni nani waliomchora hivyo na lini. Ila akifungua kinywa, azungumze Kiswahili kilekile anachozungumza Nancy.