Mtafiti Asitangulie Peke Yake

Katika Arkham Horror: The Card Game, mchezo wa karata uliotolewa na Fantasy Flight Games mwaka 2016, wachezaji wote wako upande mmoja na mpinzani wao ni karata za mchezo wenyewe. Kuna makundi matano ya wahusika, na kwangu mimi Watafiti ndio wenye nguvu kuliko wote. Wala si kwa sababu wanapigana vizuri. Ushindi mara nyingi hutegemea kuokota dondoo kabla muda haujaisha, na hakuna anayeziokota haraka kama wao.

Mchukue Daisy Walker, mkutubi: akili 5, utashi 3, mapigano 2, wepesi 2. Kisa cha kwanza huanzia kwenye chumba cha kusomea chenye ugumu wa 2, na wakicheza wawili chumba hicho kina dondoo nne. Kila jaribio huamuliwa na kete moja inayochotwa mfukoni. Katika kiwango cha kawaida mfuko una kete 16. Daisy akiwa na karata ya Magnifying Glass, akili yake inafika 6 anapochunguza. Hata akichota -4 anabakiwa na 2, nayo inatosha. Kete pekee ya kumwangusha ni ile ya kushindwa papo hapo. Akitia karata ya Deduction kwenye jaribio mojawapo, anapata dondoo mbili kwa mpigo, na hatua zake tatu za zamu moja zinaweza kukimaliza chumba kizima. Mwenzake bado anapanga karata zake.

Sasa mwekee Ghoul Minion, zimwi la kawaida kabisa. Kulipiga kunahitaji 2 na mapigano ya Daisy ni 2 hasa, kwa hiyo ni kete nne tu kati ya 16 zinazompa pigo, na kwa mikono mitupu anahitaji mapigo mawili kuliua. Akilipuuza aendelee kuchunguza, linampiga bure. Ndivyo sheria ilivyo kwa karibu kila hatua ambayo si ya kupigana wala kukwepa.

Wengi hapa hukimbilia kumjazia silaha, na naona wanapoteza nafasi za karata. Mind over Matter inagharimu rasilimali 1 tu na inamruhusu kutumia akili badala ya mapigano na wepesi hadi mwisho wa raundi. Mbele ya zimwi lilelile, kete 14 kati ya 16 zinamfaa. Shida ni kwamba raundi ikiisha, naye amerudi kuwa mkutubi.

Udhaifu wake wa kweli ni umbali. Kwa kuwa anamaliza vyumba upesi, hujikuta mbele ya wenzake, na mwili wake hauwezi kulipia haraka hiyo: afya yake ni 5. Kushuka kwenye ghala la chini ya nyumba kunamgharimu 1. Icy Ghoul huzaliwa humohumo, na pigo lake ni 2. Amebakiwa na 2. Halafu kila raundi kila mchezaji huchota karata ya mkosi; ikija Grasping Hands inayodai wepesi wa 3, kete ya -4 inamletea majeraha matatu. Daisy kwisha, na dondoo zilizobaki hazina mwokotaji.

Utimamu wake ni 9, na unaonekana mwingi hadi itokee Necronomicon, karata yake ya balaa, yenye hofu tatu ambazo sharti azihamishie kwake ili aiondoe. Wabunifu walikuwa na ucheshi hapa: ile ni kitabu, na Daisy ana hatua ya ziada kila zamu kwa ajili ya vitabu. Kipaji chake ndicho kinachomlipia balaa lake.

Roland Banks wa kundi la Walinzi amegeuzwa kinyume chake: afya 9, utimamu 5, mapigano 4. Akiua adui anaokota dondoo moja mahali alipo, hivyo kumsindikiza Daisy hakumpotezei zamu. Kabla hujamchagua Daisy, muulize anayecheza Roland kama yuko tayari kuwa chumba kimoja na mkutubi mchezo mzima. Akikataa, chagua mhusika mwingine.